Maduara Mawili ya Marehemu

Sehemu ya Kumi na Moja

"Nimekwambia mume wangu tulimzika, mwanangu. Hii ni wiki ya saba. Sasa wewe unamtaka nani?"

Hapo ndipo tulipomwacha Mistari Jumamosi iliyopita, simu iko sikioni na macho yako kwenye kompyuta. Kuna msomaji mmoja alinisimamisha njiani akaniambia huyu dada ni mwoga, eti angekuwa yeye angejibu palepale. Ndugu yangu, ungejibu nini? Huku simu inasema mtu amezikwa, na huku kwenye kompyuta mtu huyohuyo alikuwa anaandika.

Nawapa picha upesi wale ambao gazeti lao lilifungiwa maandazi. Kampuni ni moja, ofisi ni tatu, kila ofisi na mji wake. Ofisi Kuu anakaa mkurugenzi, ambaye kwa kulipenda neno "taratibu" watu wamembatiza Bosi Taratibu. Ofisi ya Stesheni ilikuwa chumba kimoja na mtu mmoja, mhandisi Mzee Rula, mkaguzi wa michoro yote ya kampuni. Ofisi ya Viwandani ndiko anakochora Mistari.

Michoro siku hizi haisafiri kwenye bahasha. Inawekwa winguni, kwenye hifadhi ya mtandaoni, na ofisi zote tatu hufungua faili lilelile na kulifanyia kazi kwa pamoja. Aliyemo ndani unamjua kwa kiduara kidogo chenye herufi yake, kinachowaka juu ya faili. Mistari ni M ya kijani. Mzee Rula ni R nyekundu.

Na R nyekundu ilikuwa inawaka.

"Mama," Mistari akasema, "nisamehe sana. Nilikuwa namtafuta Mzee kwa mambo ya kazi. Sisi huku hatukuambiwa."

"Hamkuambiwa nini?"

"Kwamba amefariki."

Mistari alisikia kiti kikivutwa.

"Mkurugenzi wenu alikuja mazishini kwa miguu yake," mjane akasema. "Alisimama mbele ya watu akatoa rambirambi kwa niaba ya ofisi zote tatu. Watu wakasema, ona jinsi mzee alivyopendwa kazini."

"Mama, hakuna aliyemtuma."

"Basi njoo," mjane akasema. "Mambo haya hayasemeki kwenye simu. Njoo leo, kuna kitu nataka ukione."

Mistari akaweka simu mezani. Mpimaji, mwenzake wa meza ya pili, mtu wa maneno mengi na chai nyingi, alikuwa anapita na kikombe chake. Akainama kuchungulia kioo cha kompyuta.

"Mzee Rula yuko winguni tangu asubuhi," akasema. "Leo atatutoa jasho."

Kwa wiki saba utani huo ulikuwa unachekesha. Leo Mistari hakucheka.

"Hivi ni nani alituambia Mzee amepona?" akauliza.

"Si Ofisi Kuu? Waliandika kwenye folda, 'Mzee Rula amepewa ruhusa.' Tukapiga makofi, na wewe ukatununulia soda. Umesahau?"

Hakusahau. Mzee alikuwa amelazwa wiki tatu, na siku ile Mistari alifurahi mpaka akajishangaa, maana hakuwahi kumwona Mzee uso kwa uso. Alimjua kwa maandishi ya pembeni tu. Mzee hakupenda simu wala ziara. Ukimpigia alikwambia, "Niandikie pembeni," akakata. Lakini ndani ya miaka minne ya hayo maandishi ya pembeni alimfundisha Mistari kazi kuliko chuo kizima.

Mchoro uliokuwa wazi mbele yake ulikuwa wa bweni la wasichana, ghorofa moja juu ya ukumbi wa kulia chakula. Boriti ya nne ndiyo inayopita katikati ya ukumbi na kubeba sakafu ya juu, na juu ya sakafu hiyo watalala wasichana sitini. Mzee alikuwa amepanga ndani yake nondo tano za milimita ishirini. Lakini kwa wiki saba sasa, kila Mistari akifungua faili, boriti ile ilikuwa imegeuka. Leo nondo tano za ishirini, kesho tatu za kumi na sita, keshokutwa tano tena. Na mara zote aliyebadili ni R nyekundu. Ndiyo maana asubuhi hiyo aliamua kuvunja mwiko na kupiga simu.

Saa kumi jioni faili lilikuwa linafungwa. Litakavyokuwa saa hiyo ndivyo msimamizi wa ujenzi atakavyolisoma kule site, na kesho yake asubuhi zege linamwagwa. Chini ya mchoro kuna visanduku viwili. Kimoja kimeandikwa "Amechora", na jina ndani yake ni la Mistari. Kingine kimeandikwa "Amekagua", na humo limo jina la Mzee.

Akachukua mkoba.

"Unakwenda wapi?" Mpimaji akauliza.

"Kutoa pole."

"Kwa nani?"

Lakini alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Safari siisimulii, maana haikuwa na jambo. Saa saba kasorobo mchana alikuwa anagonga mlango wa nyumba ya bati jekundu nyuma ya stesheni, na mlango ukafunguliwa na mama mwembamba mwenye miwani, kitenge cheusi begani. Mtaani wanamwita Mama Mwalimu. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mbili, na bado anamtazama mtu kana kwamba anasubiri jibu.

"Karibu, mwanangu. Vua viatu au usivue, yote heri."

"Pole sana kwa msiba, Mama."

"Nimeshapoa. Keti."

Mistari hakuketi. Kwenye meza, katikati ya daftari la mirabaraba na kikombe cha kalamu, ilisimama tableti imeegemezwa kwenye chungu cha maua. Ilikuwa inawaka. Ndani yake kulikuwa na bweni, boriti ya nne, na juu kabisa R nyekundu.

Mama Mwalimu akanyoosha kidole kimoja akagusa kioo. Kishale kikasogea.

Basi, wasomaji wangu, mzimu wa wiki saba ulikuwa umevaa miwani na kitenge.

"Ni wewe," Mistari akasema.

"Ni mimi." Sauti yake haikuwa na aibu. "Tableti ni yake, aliiacha wazi siku tuliyompeleka hospitali. Tuliporudi kutoka mazishini niliifungua niizime. Nikaona hicho kiduara kimewaka jina lake. Nikashindwa."

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Mwanzoni nilikuwa nafungua tu asubuhi nikione, halafu nafunga. Kikiwaka najiambia ameshafika kazini. Najua ni upuuzi. Mtu wa umri wangu, tena mwalimu. Lakini nyumba ni kubwa, mwanangu, na inanyamaza sana."

Mistari sasa aliketi. Aliushika mkono wa mama yule na kuuacha ndani ya wake.

"Sasa hesabu," mjane akaendelea. "Mzee hakuamini kompyuta. Kila boriti aliihesabu kwanza kwa kalamu humu." Akalivuta daftari la mirabaraba. "Siku moja nikaona namba ya faili hailingani na ya daftari. Nikairudisha. Nikaandika pembeni kama alivyoandika yeye hapa. Kesho yake imebadilishwa tena. Nikairudisha tena."

"Kwa hiyo yale maelezo yote ya wiki saba ni yako?"

"Yangu yapi? Mimi nimenakili. Soma mwenyewe."

Mistari akasoma. Yalikuwa yaleyale, neno kwa neno, kwa mwandiko wa kulalia kushoto aliokuwa akiuona mara moja moja kwenye michoro ya zamani. "Boriti hii isipunguzwe. Sakafu ya bweni hubeba vitanda vya ghorofa, masanduku, na watoto wanaorukaruka. Nimeona." Mzee alimalizia kila jambo kwa "Nimeona". Ndiyo ilikuwa sahihi yake.

Kitu kikamgusa Mistari akilini.

"Na zile kauli za 'Sawa, endeleeni' zinazofuata kila nondo zikipunguzwa? Hizo pia umezitoa humu?"

"Sawa?" Mama Mwalimu akakunja uso. "Miaka arobaini ya ndoa sijamsikia mume wangu akisema sawa. Ukimwambia sawa, anakuuliza, sawa na nini? Hizo nilidhani ni zenu. Nilisema vijana wa ofisini wanatumia jina la mzee, acha niwanyooshe."

"Mama, sisi tulidhani ni Mzee."

Wakatazamana. Tableti ilikuwa juu ya meza, hakuna aliyeigusa. Mikono ya mjane yote miwili sasa ilikuwa ndani ya mikono ya Mistari.

Juu ya faili, pembeni ya R nyekundu, ikawaka R nyekundu ya pili.

Mistari alihisi vidole vya mjane vikimkaza. Kishale cha R ya pili kikashuka polepole kwenye mchoro, kikapita ngazi, kikapita ukumbi, kikasimama kwenye boriti ya nne. Tano ikafutika. Ikaandikwa tatu. Ishirini ikafutika. Ikaandikwa kumi na sita.

"Yesu wangu," Mama Mwalimu akanong'ona. "Nani huyo?"

Hofu ya mwalimu haikai sana. Akaivuta tableti mapajani, akafuta tatu, akaandika tano. R ya pili ikarudisha tatu. Mama akarudisha tano. Nimeshaona ndugu wakigombea kiti cha mbele kwenye gari na wakwe wakigombea kipaza sauti harusini, lakini marehemu kugombana na marehemu mwenzake, tena kwa jina moja, hilo ndiyo kwanza nalisimulia.

Mara ya nne R ya pili ikaacha namba. Ikahamia pembeni, kwenye nafasi ya maoni, ikaandika maneno mawili.

"Nani huyu?"

Mjane akalisoma swali lile. Kisha, kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akajibu.

"Mke wa mwenye jina."

R ya pili ikazimika hapohapo.

Simu ya Mistari ikaita. Bosi Taratibu.

"Dada yangu," ikasema ile sauti ambayo haijawahi kupanda hata siku moja. "Mpimaji ananiambia umekwenda kutoa pole. Umefanya vizuri. Utu ni jambo la kwanza."

"Bosi, Mzee amefariki."

"Najua. Nilikuwepo."

"Na sisi ulituambia amepona."

"Taratibu. Niliandika nini? Soma nilichoandika."

"Uliandika Mzee Rula amepewa ruhusa."

"Niliandika wapi?"

Mistari akafungua folda kwenye simu yake, akaitafuta ile taarifa iliyowafanya wanywe soda. Hakuwahi kuitazama imekaa wapi. Ilikuwa kwenye ukurasa wa mipangilio ya folda, ule unaoonyesha nani anaweza kusoma, nani anaweza kubadili, nani anaweza kuidhinisha. Ruhusa ya kusoma. Ruhusa ya kubadili. Ruhusa ya kuidhinisha. Na chini yake, Jumatatu, siku mbili baada ya mazishi: Mzee Rula amepewa ruhusa.

Mgonjwa akipewa ruhusa, kila mtu anajua anarudi nyumbani. Nani angefikiria kwamba aliyepewa ruhusa ni akaunti?

"Sikudanganya mtu," Bosi akasema. "Mlisoma mlichotaka kusoma. Mkapiga makofi. Ningewakatizaje furaha?"

"Umemtumia marehemu kukagua michoro."

"Mkaguzi aliyesajiliwa tulikuwa naye mmoja. Mwingine anaanza mwezi ujao. Katikati hapo tungefunga ofisi tatu? Mpimaji ale nini? Wewe ule nini? Nimemshikia mzee nafasi yake, basi."

"Na boriti?"

Hapo akakohoa kidogo.

"Mkandarasi ameshakata nondo za kumi na sita na ziko site. Kuzirudisha ni mwezi mzima, na shule inafunguliwa. Mzee alikuwa anazidisha, dada yangu, sote tunajua. Alikuwa akiona kivuli anaweka nondo. Zile tatu zitasimama."

"Aliandika sababu. Ninayo hapa mbele yangu."

"Unalo daftari?"

Swali lilikuja haraka mno kwa mtu wa taratibu. Mistari akamtazama mjane, na mjane akalivuta daftari akalikalia.

"Rudi ofisini," Bosi akasema. "Faili liache lilivyo. Kesho tutakaa tuzungumze, hata cheo chako nimekuwa nikikifikiria."

"Nikikataa?"

"Basi taratibu," akasema, na simu ikakatika.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na nusu. Mistari aliitazama ile tableti, akashangaa kwa nini R ilikuwa bado inawaka. Fundi wa kompyuta wa Ofisi Kuu anaweza kubadili neno la siri la mtu yeyote kwa dakika moja. Angeweza kumtoa mjane mara moja.

"Hathubutu," Mama Mwalimu akasema alipoelezwa. "Akilibadili la Mzee, tarehe itabaki humo, na marehemu habadili neno la siri. Mkaguzi wake anatoweka."

Akili za mwalimu hizo.

Wakafanya kazi kama watu wawili waliozoeana miaka. Mistari akapiga picha ya ukurasa wa daftari, mjane akashika ukurasa usikunjike. Picha wakaibandika pembeni ya boriti ya nne. Tano za ishirini zikarudi. Halafu Mistari akampigia msimamizi wa ujenzi kule site, mtu ambaye naye alimjua kwa maandishi tu, akamweleza kwamba namba za boriti zinachezewa na asimwage zege.

Kulikuwa na kelele za mashine nyuma yake.

"Dada, mimi sijengi kwa simu," msimamizi akasema. "Mwaka juzi nilijenga kwa simu, ukuta ukatoka kombo, na kila mtu akakana kwamba alinipigia. Tangu siku hiyo nasoma kilichomo kwenye faili."

"Kilichomo kwenye faili kinabadilika kila dakika."

"Nimeona. Naona Mzee leo ana mambo. Lakini nisikilize. Wewe ndiye uliyechora. Niandikie hapo kwenye mchoro, kwa jina lako wewe, neno moja tu: simamisha. Nikiliona jina lako na neno hilo kabla ya saa kumi, nasimamisha mashine, na akija mkurugenzi mwenyewe nitamwonyesha. Nina binti wa umri huo, dada. Usinifikirie vibaya."

"Naandika sasa hivi."

"Naangalia."

Mistari akaitoa simu sikioni, akafungua faili palepale kwenye kioo chake. Aligusa nafasi ya maoni. Akaandika S. Akaandika i.

Kioo kikawa cheupe.

"Neno la siri limebadilishwa. Ingia upya."

Akaingia upya. Neno la siri si sahihi. Akajaribu tena, taratibu safari hii, herufi kwa herufi. Si sahihi. Mara ya tatu simu ikamjibu kwamba akaunti yake inatumika kwenye kompyuta nyingine.

"Mama," akasema. "Wamenitoa mimi."

Wala hawakuhangaika na marehemu, maana marehemu alikuwa bado ana kazi ya kuwafanyia. Aliye hai ndiye aliyefungiwa nje.

"Andika kwa hii," mjane akasema, akimsukumia tableti.

"Hiyo ina jina la Mzee. Msimamizi anataka jina langu."

"Basi mpigie tena umwambie wamekufungia."

Mistari akabonyeza namba ya site. Simu haikuita. Laini ilikuwa ya ofisi, na ofisi ilikuwa imeifunga. Nembo ya mtandao ilitoweka mbele ya macho yake, na kile kitu alichokishika mkononi kikabaki saa tu.

Hapo Mama Mwalimu akamshika bega. Alikuwa anatazama tableti.

Juu ya faili, pembeni ya R nyekundu, ilikuwa imewaka M ya kijani.

Mistari aliiona, na kwanza hakuelewa alichokiona. Alikuwa ameizoea herufi ile miaka minne. Hakuwahi kuitazama kutoka nje. Akainua mikono yake yote miwili akaitazama, kana kwamba huenda ilikuwa inafanya kitu bila kumwambia.

M ya kijani ikashuka kwenye mchoro. Haikupapasa. Ilijua njia. Ikafika boriti ya nne, ikaigusa picha ya ukurasa wa daftari, na picha ikafutika. Ikafuta tano, ikaandika tatu. Ikafuta ishirini, ikaandika kumi na sita.

"Irudishe, Mama. Tafadhali irudishe."

Mjane akairudisha. M ikaibadili tena, halafu ikahamia pembeni ikaanza kuandika, bila haraka, kwa yale maneno ya adabu ambayo Mistari mwenyewe huyatumia.

"Habari za mchana. Nimelinganisha mwenyewe na daftari la Mzee. Nondo tatu za kumi na sita zinatosha. Yale yaliyobadilika leo ni makosa yangu, nilichanganya faili, naomba radhi kwa usumbufu. Kama kuna lolote, jukumu ni langu."

Mistari alisikia sauti ikimtoka ambayo hakuikusudia. Alijua sasa anachofanyiwa. Wakati boriti ile itakapoanza kupasuka, iwe mwakani au baada ya miaka mitano, watu watafungua historia ya faili watafute aliyesema nondo tatu, na watalikuta jina lake, tarehe, saa na maneno yake. Na aliyekuwa wa kumtetea yuko kaburini.

M ya kijani ilikuwa haijamaliza.

"Pia nawaarifu wenzangu kwamba leo ndiyo siku yangu ya mwisho kazini. Nimeamua kupumzika. Tafadhali msinitafute."

Mama Mwalimu akalisoma neno hilo la mwisho kwa sauti, kisha akamtazama Mistari usoni, akamgusa shavu kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa.

"Uko hapa," akasema. "Mimi nakuona. Uko hapa."

Chini ya maneno yale ikatokea rangi ya bluu, msimamizi wa ujenzi.

"Nimesoma, dada. Asante kwa kunitoa wasiwasi, nilikuwa nimeshawaambia vijana wasubiri. Basi zege saa moja asubuhi. Nakutakia mapumziko mema."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika tisa.

"Simu," Mistari akasema. "Mama, nipe simu yoyote."

Nyumba ile ilikuwa na simu moja, ya Mzee, ileile Mistari aliyoipigia asubuhi. Mjane akaitoa chini ya mto. Mistari aliikumbuka namba ya site kwa kichwa, akaibonyeza akikosea mara mbili, na safari hii ikaita. Ikaita muda mrefu. Kisha zikaja zile kelele za mashine, na sauti ya msimamizi, yenye heshima kubwa.

"Shikamoo Mzee. Hujawahi kunipigia hata siku moja. Leo kulikoni?"

"Siyo Mzee. Ni mimi, Mistari. Nisikilize, hayo uliyoyasoma sasa hivi sikuandika mimi. Wameingia kwa jina langu. Usimwage zege."

Mashine zikazimwa upande ule, pengine kwa bahati tu.

"Huyu ni nani?" msimamizi akauliza. Heshima ilikuwa imeondoka kwenye sauti yake.

"Mistari. Tumezungumza saa tisa."

"Saa tisa nilipigiwa na Mistari kwa namba ya ofisi. Hii ni namba ya Mzee Rula."

"Mzee amefariki, kaka yangu. Wiki saba sasa. Nipo nyumbani kwake."

"Mzee ameniandikia leo mchana." Aliongea polepole sasa, kama mtu anayerudi nyuma bila kugeuza mgongo. "Na Mistari ameniandikia sasa hivi, ameniaga na kusema tusimtafute. Wote wawili nimewasoma kwa macho yangu, wamo humu ndani. Wewe peke yako ndiye sijakusoma popote. Kwa hiyo, mama, au dada, au yeyote uliye, unatumia simu ya Mzee na jina la Mistari. Lako wewe ni nani?"